Cha Kulia

Muuza riwaya wa sokoni Kasulu hupangusa kila kitabu kwa mkono wa shati kabla ya kukukabidhi. "Cha kulia au cha kucheka?" huuliza kwa sauti ya mwinjilisti, na wageni hudhani anauza vijiko.

Immakulata, aliyemzika mama yake wiki mbili nyuma bila kudondosha chozi, alimjibu, "Cha kulia, kaka. Nimemzika mama, nimesali novena, siku tisa nzima, machozi hayaji." Muuzaji hakumpa pole. Alichomoa riwaya iliyolegea gundi, akaifungua bila kutafuta ukurasa, akamsomea: binti anakunja vitenge vya marehemu mama yake. Sauti ile kubwa ikakatika. "Malizia mwenyewe, dada. Mimi hapa huwa sivuki." Immakulata alisoma mistari mitatu, akaketi juu ya gunia la vitabu, akalia mpaka wauza maharage wa jirani wakaacha kupima.