Figo la Tumbili, Mara Mia Mbili Thelathini na Nane

Daktari wangu ameandika makala arobaini na tatu, na mimi sijasoma hata moja. Nasema mapema tusije tukalaumiana. Kazi yangu ilikuwa ufundi wa maabara: kulisha seli, kuosha, kuandika chupa, na kumkumbusha yeye kula. Miaka ishirini na mbili tulikaa chumba kimoja chenye madirisha mawili, moja halifunguki.

Yeye ni mtu wa virusi na kinga ya mwili. Mimi nilimwita Daktari, wanafunzi walimwita Mama Sampuli kwa sababu ya friza yake. Ndani mlikuwa na vichupa elfu moja mia tisa vya damu, ya watoto aliowafuata tangu wachanga, kila mwaka kichupa kipya, ili ajue chanjo ya utotoni inamlinda mtu kwa miaka mingapi. Ilibaki miaka mitano jibu lipatikane. Sasa, yeye alibakiza miezi minne kutimiza sitini, na pale chuoni kwetu ukitimiza sitini unakwenda nyumbani, isipokuwa profesa, ambaye huongezewa mitano. Akiondoka yeye, friza wanapewa wengine na damu inachomwa. Kwa hiyo uprofesa aliutaka kwa ajili ya vile vichupa. Mengine hayakumshughulisha.

Kanuni ya kupanda cheo ilitaka kazi zako ziwe zimenukuliwa na wataalamu wenzako mara mia tano. Binti yake, ambaye huniita mjomba, alikaa na kompyuta asubuhi moja akahesabu. Mia sita na kumi na moja. Nikaenda kununua soda tatu. Daktari hakuigusa ya kwake.

"Toa ile makala ya mapafu," akasema.

Ile ya mapafu naijua kuliko ninavyopenda. Ilitoka miaka kumi na moja nyuma, kurasa kumi na nne kuhusu jinsi kirusi kinavyoingia kwenye seli za mapafu ya binadamu. Kumbe seli zenyewe hazikuwa za mapafu. Zilikuwa za figo la tumbili. Hizo za figo zinazaana kama zimetumwa. Tone moja likiingia kwenye chupa ya seli nyingine, baada ya wiki chache wenyeji hawapo. Na tone lenyewe liliingia kwa mkono wangu. Ijumaa, nina haraka, chupa ya chakula cha seli imebaki moja, nikalishia zote mbili, figo kwanza, mapafu baadaye. Hata mwanafunzi wa wiki ya kwanza anakatazwa. Nikapiga kimya. Makala ikatoka, na mwaka uliofuata Daktari akarudia vipimo mwenyewe, akagundua, akachapisha ukurasa mmoja wa masahihisho.

Dunia nayo ina vituko. Ule ukurasa wa masahihisho ulinukuliwa mara tatu, mbili kati ya hizo na yeye mwenyewe. Makala yenye kosa ikanukuliwa mara mia mbili thelathini na nane: wengine waliiamini, wengine waliitaja ili kuonya vijana wao wasifanye kama sisi. Ukiitoa, zinabaki mia tatu sabini na tatu.

Nilimjia juu. Nilimwuliza kama anataka kuchoma damu ya watu kwa ajili ya tumbili aliyekufa zamani. Hata mwenyekiti wa kamati ya kupandisha vyeo, mtu asiyependa shari, alimwita ofisini akamweleza kwamba kanuni inauliza umenukuliwa mara ngapi, haiulizi kwa nini. Daktari akamshukuru, akarudi, akaandika barua kuomba hizo mia mbili thelathini na nane zisihesabiwe. Ana kichwa kigumu yule mama. Mimi nilikuwa na mdomo siku zile, nao nikautumia kugomba tu.

Kamati ilikaa dakika ishirini ikamkatalia.

Kuchoma vile vichupa kulichukua siku mbili. Nilibeba maboksi mpaka kwenye tanuri nyuma ya jengo, naye akasimama na daftari akikata namba moja moja. Hakulia. Mimi siku hizo mbili sikula.

Siku ya kuhama, binti alikuwa akipanga makaratasi ya mama yake, akanipa ule ukurasa wa masahihisho nitazame. Mstari wa mwisho ulisema: "Namshukuru fundi wangu wa maabara kwa uangalifu wake." Nikajua nimesutwa mbele ya dunia nzima, yaani watu wawili waliounukuu, mmoja akiwa yeye mwenyewe.

Nikamfuata Daktari kwenye ngazi nikamwambia yote, kwa mara ya kwanza, miaka kumi na moja baadaye.

"Ile chupa ya Ijumaa," akasema. "Najua. Uliandika juu yake kwa kalamu yako: figo, mapafu, na tarehe."

Nikamwuliza kwa nini basi hakunisema, na ule uangalifu ni kejeli gani. Akashangaa. Akanieleza kwamba aliikuta chupa kwenye rafu, bado na maandishi yangu, ndipo akajua pa kutafuta. Ningeitupa, tungekuwa tunaandika habari za mapafu mpaka leo.

"Ulikosea, ukaandika," akasema. "Nimefanya kazi na wanaokosea wasiandike."

Nikakaa pale pale kwenye ngazi nikalia, mtu mzima na mvi zangu. Akaweka boksi chini, akaningoja nimalize. Kisha akaniuliza kama nimekula.