Nilivyoikemea Njaa Majengo

Hata leo nikipika pilau nacheka peke yangu. Kanisa letu la Kenol lilifunga safari ya misheni hadi Majengo, Nyeri, kusaidia familia zinazohangaika. Jioni, kila mmoja wetu alibeba pakiti ya unga na kuchagua mlango wa kubisha.

Mama mmoja aliyejifunga leso kichwani akanikaribisha. Binti zake wawili walikuwa wamekaa kimya, midomo imekauka. Sufuria zilikuwa zimefunikwa, nikajua ni tupu. Harufu ya pilau nikadhani inatoka kwa jirani, nikazidi kuwahurumia.

“Mmekula mchana?” nikauliza.

“Hapana.”

“Na jana mchana?”

“Hata jana.”

“Ati hata chai?”

“Hata maji, dada.”

Akataka kueleza, lakini mimi tayari nilikuwa nalia. Nikaweka unga mezani, nikawashika mikono, nikaomba kwa sauti ya mkutano wa injili. Wao, kwa heshima, waliitikia amina.

Nilikuwa bado nakemea roho ya njaa adhana ilipolia msikitini. Mama akaniachilia mkono polepole, akawapa binti zake tende, akafunua sufuria. Pilau, na nyama juu. Ndipo nikakumbuka kwamba ni Ramadhani.

Nilitafuta mlango kwa macho. Mama akanivutia kiti, akanipakulia mimi kwanza, sahani ikafurika.

“Kula, dada,” akasema kwa upole. “Vile umelia juu ya njaa, tumejua ni wewe hujakula.”