Mjapani wa Mchana Mmoja

Ipo siku moja naikumbuka, mwanangu, na kila nikiikumbuka naona tena kiti nilichokalia na ubao uliokuwa mbele yangu. Nilikuwa msichana, nimetoka Nakuru kuja kusoma hapa Johannesburg, katika chuo kile cha Braamfontein nilichokuja kufundisha hadi nikastaafu. Lakini kabla sijakusimulia, nikuambie kwa nini imenirudia.

Ni kwa sababu ya simu yako ya jana. Umesema wakaazi wa jengo lenu la Randburg watakutana Jumamosi kuamua kama Baba Neema, yule fundi cherehani Mkongomani, atolewe pamoja na mkewe na watoto. Wanasingizia kelele za cherehani. Nikakuuliza wewe utasema nini. "Eish, Mama, hawanisemi mimi," ukajibu. "Mimi wananipenda. Wanasema Wakenya si kama wale wengine." Maneno hayo nayajua, mwanangu. Niliwahi kuyasema kwa kinywa changu, tena nikicheka.

Mwalimu wetu aliitwa Leong, Mchina aliyezaliwa papa hapa mjini, baba yake mwenye duka. Alikuwa mtu mpole, shati limenyooka, sauti ya chini. Ndiye aliyenifundisha yale niliyokuja kuwafundisha wengine: jinsi Japani ilivyojenga viwanda ndani ya umri wa mtu mmoja, kisha ikageuka kuivamia China, jirani aliyeifundisha kuandika. Alieleza yote hayo bila kupandisha sauti, nami nikadhani hayamuumi.

Siku hiyo, tukimsubiri aingie, nilikuwa nawasimulia wenzangu habari za chumba nilichopata. Mama mwenye nyumba hakupokea wapangaji kutoka nchi nyingine za Afrika, ila mimi alinipokea. "Amesema Wakenya si kama wale wengine," nikawaambia. Ujana nao ni ulevi. Mwalimu alikuwa mlangoni, amesikia yote. Alifundisha kama kawaida, kisha akaniomba nibaki.

Akaniambia kwamba alipokuwa mtoto, enzi za ubaguzi, serikali ya hapa iliamua Wajapani wahesabiwe kama wazungu. Haikuwa mapenzi. Japani ilikuwa mnunuzi mkubwa wa chuma cha nchi hii, na mkono mtupu haulambwi. Wachina hawakuwa na mnunuzi wa kuwasemea, kwa hiyo walibaki nje ya hoteli kama zamani.

Siku moja mfanyabiashara mzungu aliyekuwa akimuuzia baba yake bidhaa aliwaalika chakula cha mchana hotelini, baba na mwana. Wakazuiwa mlangoni. Yule mzungu akainama akamnong'oneza baba, "Sema wewe ni Mjapani. Nani atajua?"

Sasa nisikilize vizuri. Baba huyo aliikimbia China akiwa kijana, kwa sababu jeshi la Japani lilichoma kijiji chao. Mama yake mzazi alibaki nyuma, wala hakusikika tena. Leo amesimama mlangoni na mtoto mwenye njaa, ambaye viatu vyake vimepigwa rangi kwa ajili ya mwaliko huo. Akasema, "Mimi ni Mjapani." Wakafunguliwa, wakavutiwa viti, naye akaitwa bwana.

"Chakula kilikuwa kitamu," Mwalimu Leong aliniambia, "na hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Baba hakumeza hata kipande. Alinitazama tu nikila. Tulipofika nyumbani akaenda kusukutua kinywa, akasukutua muda mrefu. Mama alimuuliza kulikoni, naye akazidi kusukutua."

Kisha akaniuliza, "Unadhani Wajapani wale waliheshimiwa? Kilichoheshimiwa ni chuma. Na wewe, binti, umefunguliwa mlango kwa sababu ya nini?"

Natamani ningekuambia kwamba nilihama kesho yake, lakini sikuhama. Chumba kilikuwa kizuri, na chuo kilikuwa karibu. Mwaka uliofuata mama yule akafariki, nyumba ikachukuliwa na mwanawe, naye akasema hataki mgeni. Nikamwambia mimi ni Mkenya. Akaniuliza tofauti ni ipi. Nguo ya kuazima haisitiri matako, walisema wazee, nami niliyaelewa maneno hayo nikiwa nimesimama kando ya barabara na sanduku langu.

Tangu hapo nimefundisha hadi sauti imenikauka. Nimeiona Japani ikiwa juu, kisha ikikwama, sasa inazeeka pamoja nami. Nimeiona China ikiinuka, na siku hizi katika hoteli zilezile anayevutiwa kiti ni Mchina. Miaka yote wanafunzi waliniuliza, tumwige nani kati ya hawa wawili? Swali hilo limenichosha. Kisa cha Mwalimu Leong niliwasimulia, nami nilitamani mmoja tu aniulize yule baba yake alijisikiaje kwenye meza ile.

Mwanangu, wewe leo ni wa maana kwa majirani zako kwa sababu unafanya kazi benki na gari lako ni safi. Kazi huisha, na gari huchakaa. Mwenzako akinyolewa, zako tia maji. Lakini nisikudanganye, sikupi nasaha hii kwa ajili ya usalama wako peke yake. Baba Neema ndiye aliyekushonea suti ya harusi, na kila Jumapili mnasali kwenye benchi moja. Jumamosi wakiuliza nani anakubali atolewe, usiangalie simu yako. Simama useme, "Mimi pia ni mgeni kama yeye. Mkimtoa yeye, mmenitoa na mimi." Huenda wakakuchukia. Huenda hata wasikusikilize. Sema hivyo hivyo. Nimechoka, magoti yananiuma, lakini nitapanda basi nije nikae nyuma, ili angalau uso mmoja humo ndani uwe unakujua wewe ni nani.

Mungu akulinde, mwanangu, wewe na Baba Neema na watoto wake. Akupe mlango unaofunguka ukitaja jina lako mwenyewe, na chakula ambacho baada ya kukila huhitaji kusukutua kinywa. Amina.