Pumba za Mlango wa Nyuma

Kinu chetu cha mpunga kiko pembeni mwa Garsen, upande wa mtoni, na kina milango miwili. Wa mbele ndiko wakulima wa Idsowe na Wema wanakoshusha magunia yao. Wa nyuma ulikuwa wa pumba. Kila alasiri mume wangu alizisukuma nje kwa koleo, akafunga mlango, akaenda zake kunywa chai. Akirudi anakuta pameshafagiwa. Wanawake wa Kiorma, watu wa mifugo, wamekuja na viroba vyao, wamezoa, wameondoka. Hakuna aliyeomba na hakuna aliyetoa.

Mimi ni mtu wa Kipini, nilikuja hapa kuolewa, na mwaka wa kwanza nikamuuliza baba mkwe kwa nini tusiziuze. Alinitazama kama niliyemtukana.

"Hilo halisemwi, mwanangu," akaniambia. "Liache hivyo hivyo."

Nililielewa baadaye. Nyuma ya kinu inapita malka, njia ya ng'ombe kuteremkia mtoni kunywa maji, na kulia na kushoto kwake ni mpunga. Miaka yote niliyokaa hapa ng'ombe wale wameteremka na kupanda bila kutia mguu katika mashamba ya watu wanaokoboa kwetu. Kwingine nimeona shamba likiliwa lote, na nimeona yaliyofuata. Sina hamu ya kuyasimulia.

Katika wale wanawake alikuwamo shoga yangu, aliyekuwa akiniuzia maziwa. Kiangazi kikianza mumewe huenda mbali na kundi, yeye hubaki mjini na watoto na ng'ombe mmoja wa kukama, mwekundu, pembe moja imepinda. Ng'ombe yule ndiye aliyekuwa akiilisha ile nyumba. Watoto walikunywa, yanayobaki akaniletea mimi na mkahawa wa stendi. Majani yakikauka, mwekundu aliishi kwa pumba zetu.

Sasa, mnunuzi wetu wa Malindi, anayepeleka mchele mahotelini, akampigia simu mume wangu. Wenye mahoteli wanataka kujua mchele unatoka kwa watu wa namna gani. Akasema viwanda vidogo kama chetu vimeombwa viandike ripoti ya uendelevu: mafuta tunayochoma, taka zinakokwenda, wafanyakazi tunawaweka vipi, na majirani wanafaidika na nini. Si lazima, akasema. Ni hiari yetu kabisa. Halafu akataja wenye vinu wengine ambao wameshaandika.

Mume wangu alitolewa jasho na hiari hiyo. Akaenda kwenye mafunzo, yeye na mwenye bekari na jamaa anayefyatua matofali, wakafundishwa na binti mmoja kutoka Mombasa, mpole, mwenye subira ya ajabu. Mimi nilitaka kumchukia nikashindwa. Alikuja mpaka kinuni, akafunika pua kwa mtandio, akauliza mambo ya maana. Kwa sababu yake vijana wetu wa mashine leo wanavaa barakoa, na hilo nalisema bila kinyongo.

Akafika mlango wa nyuma.

"Na hizi, baba, zinakwenda wapi?"

"Hizo?" mume wangu akacheka. "Hizo wanachukua watu tu."

"Watu gani? Mnawapa?"

Nilimkanyaga mume wangu mguu. Nilimkanyaga hasa, kwa kisigino. Lakini mtu aliyekwisha kusifiwa tangu asubuhi hasikii mguu. Akaeleza yote, na binti akafurahi mpaka akafumba mikono kifuani. Akasema hilo ndilo jambo zuri kuliko yote aliyoyasikia Garsen, na ni dhambi kulificha.

Basi likaandikwa. Kinu kinawasaidia wafugaji wenye uhitaji kwa kuwapa pumba bure. Ndivyo sentensi ilivyokuwa, na hakuna uongo ndani yake ukiisoma ukiwa Mombasa.

Ripoti ya namna hiyo, binti akasema, majirani nao waisikie kabla haijapelekwa. Tukaweka viti chini ya banda. Wakulima wakaja, wazee wa Kiorma wakaja, kila mtu na soda yake. Mume wangu akasoma kwa sauti ya mkutanoni, na alipofika kwenye pumba akatua kidogo, nadhani alisubiri makofi.

Mkulima mmoja wa Wema akasimama. "Pumba za mpunga wa nani?" akauliza. "Mimi nalima, mimi nalipia kukoboa, halafu kampuni ndiyo inayosaidia watu? Kwa jasho langu?"

Mzee mmoja wa Kiorma naye alikwisha kuinuka, ameiweka soda chini bila kuimaliza.

"Sisi hapana omba," akasema taratibu. "Nani aliona mtu yetu anaomba? Mnaandika sisi maskini, mnapeleka kwa wazungu. Hiyo pumba kaa nayo."

Akaondoka na wenzake wakamfuata. Binti akaniuliza kwa sauti ya chini amekosea nini, na mimi nikaanza kukusanya chupa za soda.

Ikaundwa kamati. Mpaka kamati ikate shauri pumba ni za nani, ziwekwe stoo. Zikawekwa. Mlango wa nyuma ukatiwa kufuli, kamati ikakutana, ikagombana, mwenyekiti akapata safari ya Hola, na mvua nayo ikakataa. Kule malka ng'ombe walianza kupotea njia. Shamba la kwanza lililoliwa lilikuwa la yule yule wa Wema. Watu waliwahi kuwashika mikono vijana waliotoka kulipiza kabla hawajafika mbali, lakini tangu hapo wakulima huenda shambani kwa makundi.

Mimi sikuweza kuvumilia. Nikajaza gunia la pumba, nikampakiza bodaboda mchana kweupe, nikampelekea shoga yangu. Bodaboda akarudi nalo.

"Amekataa, mama. Amesema ahsante."

Nikaenda mwenyewe, nimewaka. Nikamkuta mwekundu amelala kivulini, mbavu zote nje, na shoga yangu ameketi karibu naye.

"Mama ya kinu, usikasirike," akaniambia. "Wazee walisema hakuna mtu abebe. Nikibeba, watu wataona mimi ndiyo ile maskini ya karatasi."

"Na ng'ombe?"

"Ng'ombe anangoja mvua, kama sisi."

Nililia njiani, na kilio changu kilikuwa cha hasira zaidi ya huruma. Nilimkasirikia mume wangu, nikamkasirikia yule mzee na soda yake, nikamkasirikia hata mkwe wangu marehemu, aliyetuachia kitu kizuri namna ile bila kutufundisha namna ya kukitetea. Tangu siku hiyo shoga yangu hakuniletea tena maziwa, nami nikaanza kununua ya pakiti.

Wiki iliyopita Malindi wakapiga simu. Ripoti yetu, iliyopelekwa vile vile ilivyosomwa, imependwa. Imependwa hasa mahali pa pumba, na wanataka kuiweka mbele iwe mfano kwa viwanda vingine vidogo. Kilichobaki ni picha tu, ya mfugaji akipokea pumba mlangoni. Si lazima, lakini ingependeza.

"Nenda kamwombe shoga yako," mume wangu akaniambia. Hakunitazama machoni. "Wewe atakusikia."

Nilikataa, kisha nikaenda, kwa kuwa nilikuwa nimemkumbuka. Alinipokea kwa mikono miwili, akanikalisha mkekani, akanimiminia chai. Siku zote kwake nilikunywa chai nzito kwa maziwa. Hii ilikuwa ya rangi. Nikatazama kule kivulini alikokuwa akilala mwekundu, palikuwa patupu.

Nilitaka kuaga bila kusema nilichokuja nacho, lakini alinibana mpaka nikasema. Akacheka, kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi, akajipangusa macho kwa ncha ya shungi.

"Picha tu? Nitakuja, mama ya kinu. Kwa sababu ni wewe, nitakuja." Akaniongezea chai. "Lakini pumba mkinipa, nitampelekea nani?"