Pasi Juu ya Mikeke

Mwezi ukiwa mpevu, Ziwa Tanganyika linafunga duka. Kujua hilo hakuhitaji diploma, nasema mimi niliyeiacha yangu katikati. Wavuvi wetu huvua kwa taa. Mwezi ukishaangaza kuliko taa, samaki hawana sababu ya kuja juu, basi mitumbwi inalala kwenye mchanga karibu wiki nzima, na wavuvi wanabaki kushona nyavu na kugombana na wake zao. Mtoto wa shule wa Kasenga, hapa Uvira, anajua. Mbuzi wa Kasenga wanajua, maana ndiyo wiki wanayochinjwa.

Sasa mtu anieleze ilikuwaje watu themanini waliozaliwa ukingoni mwa ziwa hilo wakae ndani ya ukumbi, katikati ya wiki ya mwezi mpevu, waonyeshwe ukutani picha ya mikeke, samaki wa ziwa letu, inayometa kama visu vipya, waambiwe "hii ni ya leo asubuhi", na wainame kuandika kwenye daftari.

Na mimi niliandika. Tuendelee.

Mwenye picha ile, na mwenye pasi iliyokuwa juu ya samaki wale (nitafika kwenye pasi), ni jirani yangu, Mama Jolie wa mtaa wetu wa Kasenga. Jina lake la ubatizo ni Spès, lakini ukimwita hivyo hageuki. Alizaliwa Mutarule, bondeni, kwa watu wa mihogo na mahindi, akaletwa Uvira na mume fundi mwashi. Mume akaenda Kalemie kwa kazi ya miezi mitatu. Huu ni mwaka wa saba, na simu yake bado haipatikani. Mama Jolie hakulia mbele ya watu. Alinunua beseni.

Miaka minne alitembeza samaki kichwani, Kasenga mpaka Rugenge, akiita mpaka sauti yake ikawa ya mwanamume. Kisha shemeji akamwachia simu yenye kioo kilichopasuka kama mguu wa bata, naye akafungua kundi la WhatsApp la wateja wa Bukavu: wapishi, wenye migahawa, wazee wa kamati za harusi. Kukipambazuka tu yuko ufukweni, anabonyeza macho ya samaki kwa kidole, anafunua mashavu kutazama wekundu, anakataa, anatukana kidogo, anachagua. Saa moja asubuhi sanduku lenye barafu liko ndani ya gari ya Bukavu. Hiyo ndiyo biashara yake ya mtandaoni. Mtandao ni dakika tano. Zilizobaki ni mgongo.

Mwanzoni watu wa Bukavu hawakumwamini, na walikuwa na haki. Walikwisha kuuziwa picha mara nyingi: samaki anapigwa picha Jumatatu akiwa bibi harusi, anafika Ijumaa akiwa marehemu. Ndipo Yasmine, mwenye mgahawa mmoja wa kule, akamwekea sharti: weka kikombe chekundu katikati ya samaki ndipo upige picha, nitajua ni ya leo. Mama Jolie aliazima kikombe chekundu kwa jirani. Tangu siku hiyo ikawa desturi. Kila jioni anauliza kundini, "Shahidi wa kesho?" Mteja wa kwanza kujibu anataja kitu, chochote, na asubuhi kitu hicho kinaonekana juu ya samaki.

Walimtajia kitana. Walimtajia ndala ya kushoto, betri ya redio, limau lenye majani mawili. Mchungaji mmoja alitaja Biblia; akaipata, lakini ikiwa ndani ya nailoni, juu ya kigoda pembeni, maana Neno halipaswi kunuka. Na siku moja mtu akataja pasi ya makaa. Mama Jolie anayo. Mpini wake ulipasuka zamani, na mumewe aliufunga kwa waya wa kijani kabla ya kwenda Kalemie. Ndiyo kazi pekee ya ule ufundi wake iliyobaki nyumbani. Akailaza juu ya mikeke, akapiga picha, kundi likacheka siku mbili.

Ndani ya kundi hilo kulikuwa na mtu anayeuliza bei kila siku na hajawahi kununua hata dagaa mmoja. Jina lake Libérat. Anajiita Kocha. Kocha wa timu gani, hatujaambiwa. Alikuwa na suti ya rangi ya maziwa, viatu vyenye ncha, na bango lililobandikwa kuanzia Kasenga mpaka Rugenge: mawazo saba ya biashara ya mtandaoni, kipato cha uhakika kila siku, hata ukiwa umelala. Dola kumi. Mji ambao mwalimu anasahau mara ya mwisho alilipwa lini, mji ambao kijana mwenye diploma nzima anasukuma maji kwenye mkokoteni, wewe unakuja kuuambia "kila siku, hata ukiwa umelala". Kumwambia mwenye njaa atashiba akiwa amelala ni wizi, hata ukivaa suti.

Na juu ya bango, kubwa kuliko uso wa Kocha mwenyewe, ilikuwa picha ya mikeke yenye pasi.

Wanafunzi wa darasa lake la kwanza walimwuliza pasi inafanya nini pale. Hakujua, bila shaka. Lakini mtu wa namna ile hasemi "sijui", angepasuka. Aliwafundisha kwamba pasi ni mbinu ya kukamata jicho la mteja. Wakaenda kufanya kazi ya nyumbani. Wiki ile muuza viatu mmoja wa Rugenge aliweka pasi juu ya viatu. Mwingine akaweka pasi juu ya mikate. Dada mmoja wa nywele za bandia akaweka pasi juu ya wigi, na huyo angalau tunaweza kumwelewa. Tulicheka sana. Hatukujiuliza pasi imetoka wapi.

Wazo lake la tatu, ndilo lililoleta msiba, lilikuwa kuuza bila mtaji. Chukua picha za mtu mwenye bidhaa, zitume kama zako, pokea malipo ya mteja, kisha ndipo uende kununua. Si uongo, alisema Kocha, ni kutangulia.

Ikafika wiki ya mwezi mpevu. Mama Jolie aliandika kundini kama kila mwezi: mwezi mkubwa, hakuna samaki, tuvumilie. Siku ya pili Onesphore, mpishi wa sherehe wa Bukavu aliyeingia kundini baada ya siku ya pasi, akapokea ujumbe kutoka namba asiyoijua: ni Mama Jolie, nimebadilisha namba, nimepata mikeke, tanguliza pesa. Na picha. Onesphore alikuwa na harusi Jumamosi. Alitazama picha, akaona pasi, akasema moyoni shahidi yupo, mtu mwingine kamtaja. Akatuma pesa.

Jumamosi wageni wa harusi ile walikula maharage.

Jumapili, watu wanatoka ibadani, sauti ya Onesphore ikaingia kundini, pamoja na picha aliyotumiwa. Hakupiga kelele, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi. Mama Jolie aliisikiliza mara tatu, amesimama kando ya njia na kitenge chake cha kanisani, simu sikioni.

"Mama Jolie, minye nilikuwa nakuita mama. Bibi harusi amelia mbele ya wakwe kwa sababu yako. Kama ulikuwa na shida, ungeniambia. Batu wote wa kundi, mujue, huyu mama iko mwizi."

Halafu kundi likaanza kuyeyuka. Fulani ametoka. Fulani ametoka. Fulani ametoka. Kabla jua halijaingia nyuma ya milima, wateja aliowakusanya kwa miaka mitatu, mmoja mmoja, samaki kwa samaki, walibaki tisa, na hao tisa labda walikuwa hawajafungua simu. Yasmine hakutoka, lakini hakusema neno. Mama Jolie ana watoto wanne. Ziwa likifunguka Alhamisi, angemwuzia nani?

Aliifungua tena ile picha aliyotumiwa Onesphore. Akauona waya wa kijani, ule ule ulio kwenye bango la Kocha.

Jumatatu ndiyo ilikuwa siku ya darasa la pili la Kocha, nami nilikuwa safu ya tatu na daftari langu. Ukutani mikeke ilimeta. Kocha alikuwa ameshafika kwenye wazo la tatu, anasema samaki hawa wamevuliwa leo asubuhi na tayari wameuzwa yeye akiwa bado kitandani. Mlango ukafunguliwa. Mama Jolie aliingia na mfuko wa nailoni mweusi, akasalimia vizuri, kama mtu aliyechelewa ibadani, akatembea mpaka mbele. Kocha akamwambia kwa upole kwamba malipo ni mlangoni.

"Jambo, Kocha. Sitakaa. Niko na swali moja tu. Hizi mikeke iko ya leo?"

"Ya leo asubuhi, mama. Bado zinaruka."

"Ziwa gani?"

Mzee mmoja nyuma, mvuvi aliyestaafu ambaye sijui alikuja kujifunza nini, akacheka kwa pua. Kicheko kikapita safu hadi safu, nacho hakikuwa cha furaha; kila mmoja alikuwa anakumbuka, akiwa na kalamu mkononi, kwamba asubuhi ile ile alipita ufukweni akaona mitumbwi imelala. Nilitazama daftari langu. Nilikuwa nimeandika "mikeke, leo asubuhi" na kupigia mstari.

Kocha alianza kueleza kwamba teknolojia imebadilisha uvuvi. Mama Jolie alitoa pasi kwenye mfuko, akaiweka mezani chini ya picha. Pasi na pasi. Waya wa kijani na waya wa kijani.

"Huu waya alifunga mume wangu. Sasa weye, Kocha, utuambie ulikuwa wapi siku anaufunga? Ulikuwa unashika mpini?"

Kocha akasema mtandaoni picha ni mali ya wote, na kwamba mama angeshukuru kwa kutangazwa bure. Ndipo sauti ile ya miaka minne ya kutembeza samaki ikatoka yote.

"Bure? Batu wa Bukavu wananiita mwizi, weye unaita bure? Hii biashara iko yangu, inalisha watoto wangu kila siku. Ziwa likikataa, minye nasema limekataa. Njo maana waliniamini. Si pasi waliamini, mjinga weye. Waliamini kwamba siku haipo, nasema haipo."

Mbele yangu msichana mmoja, Noella, wa darasa la kwanza la Kocha, aliyeitwa siku ile kuja kutoa ushuhuda wa mafanikio, akasimama. Alisema namba iliyomwandikia Onesphore ilikuwa yake, na ya Onesphore alipewa na Kocha. Alitanguliza kama alivyofundishwa, kisha siku tatu alikaa ufukweni akingoja mtumbwi wowote, na sehemu ya pesa za Onesphore alikuwa ameshamlipa Kocha kwa mafunzo ya ngazi ya pili.

"Kocha, uliniambia haiko uongo," alisema. "Uliniambia iko kutangulia."

Kocha akasema umeme una shida. Akachomoa mashine yake ya kuonyesha picha yeye mwenyewe, kwa mkono wake, mbele ya watu themanini, taa za ukumbi zikiwaka, akasema umeme una shida. Tulipomdai dola zetu alisema maarifa yakishaingia kichwani hayawezi kurudishwa. Motari, dereva wa pikipiki, alikuwa anamngoja nje, injini ikinguruma. Mtu huyu alikuwa amepanga hata kukimbia kwake.

Nilikuwa nimewasha simu kurekodi somo. Mama Jolie akaniingiza kundini, nikatuma yote, kuanzia "Jambo, Kocha", na kwa wale waliotoka nikawatumia mmoja mmoja. Noella aliuza simu yake, akamrudishia Onesphore pesa zote kabla ya Jumatano. Kocha hakurudisha chochote. Wiki chache baadaye alifungua mafunzo Bukavu, na kwenye tangazo lake jipya kuna sauti ya mama mmoja asiyetajwa jina, inasema kwa nguvu: "Hii biashara iko yangu, inalisha watoto wangu kila siku." Imekatwa hapo hapo, safi, kama kichwa cha samaki. Hasira ile ameiuza pia. Na kuna watu wanalipa. Nina hakika wanaandika kwenye daftari.

Lakini nirudi kwenye wiki ile ile. Wengine walirudi, mmoja leo, wawili kesho, kama watu wanaoingia kanisani baada ya mahubiri. Mama Jolie hakuwaomba. Alihesabu mwezi. Jumatano jioni wavuvi walianza kusafisha taa, naye akakaa kwenye kizingiti chake, pasi pembeni, akaandika kama kila siku:

"Kesho ziwa linafunguka. Shahidi wa kesho?"

Alama zikaonyesha watu wamesoma. Jolie, binti yake, alileta chakula, kikapoa. Nilikuwa nimesimama pale nikijifanya ninachaji simu, nikatafuta mzaha wa kusema, nikakosa.

Kisha Yasmine akaandika tu kwamba Onesphore ndiye achague.

Sauti ya Onesphore ikaja, fupi.

"Pasi. Ile ile yenye waya. Lakini safari hii, mama, tia moto ndani, nione moshi."

Mama Jolie alifuta uso kwa ncha ya kitenge, akamtuma Jolie kwa jirani kuazima makaa.