Ijumaa Niliposilimu Upya

Mama yangu alikuwa muosha maiti wa kike katika kijiji chetu, huku kaskazini mwa Pemba, njia ya Micheweni. Kazi hii haina mshahara wala cheo, lakini siku mtu akifa ndipo unapojua nani anaheshimiwa. Wanawake wawili huja, hupiga hodi, husema, "Bi fulani katutangulia," na mama huinuka bila kuuliza neno. Nyuma ya nyumba yetu kuna mkunazi. Majani yake ndiyo aliyokuwa akiyatwanga na kuyachanganya na maji ya kumkoshea maiti. Vitu vyake vingine, kata ya kutekea maji, kafuri, pamba na vitambaa safi, vilikaa ndani ya kikapu cha ukindu juu ya kabati, na sisi watoto tulikuwa hatukigusi kikapu kile hata mpira wetu ukiangukia pembeni yake.

Mimi ni mwalimu wa baiolojia. Nasomesha skuli ya sekondari isiyo mbali na nyumbani, na kila mwaka, tukifika kidato cha nne, huja ile mada ya viumbe kubadilika na asili yao. Wenzangu wana njia zao za kuivuka. Mmoja huisoma mbio mbio, kama mtu anayepita penye nyuki. Mwengine huwaambia wanafunzi wanukuu, wakariri, wajibu mtihani, kisha wakatawadhe. Mimi nilijiona mjanja kuliko wote hao.

Ujanja wangu ulikuwa popo. Habari ya nyani sikutaka kuigusa, kwani ukitaja nyani tu darasa limekwisha. Lakini Pemba tunaye popo wetu mkubwa, yule mwenye manyoya ya rangi ya shaba, ambaye Unguja hayuko, bara hayuko, wala kwengine kokote duniani. Mchana hulala kichwa chini juu ya miti mirefu, na miti mirefu iliyobaki ni ile ya makaburini, maana huko watu wanaona vibaya kupeleka shoka. Hakuna mtoto asiyemjua. Basi nikawaambia wanafunzi wafikirie popo wachache waliofika kisiwani zamani sana, wakatengwa na wenzao na ule mkondo wa bahari wenye kina kikubwa, wakazaana hapa hapa, kizazi baada ya kizazi, mpaka wakawa aina yao peke yao. Darasa lilinisikiliza kwa raha. Wengine walitabasamu kama waliosifiwa wao wenyewe, nami nikazidi kuchangamka.

Ndipo msichana mmoja wa mbele akauliza, kwa adabu kabisa, "Na sie jee, mwalimu?"

Ningeweza kutazama saa. Ningeweza kusema suali zuri, tutalirudia. Badala yake nikasema kwamba wanasayansi wanaona viumbe hai wote wana asili moja, na kwa hesabu hiyo hata popo ni ndugu zetu, ndugu wa mbali sana. Wakacheka. Nikacheka na mimi. Kengele ikalia, nikafuta ubao nikaenda zangu kunywa chai.

Maneno yale yalifika kijijini kabla yangu, na njiani yalitiwa chumvi ya kutosha. Ikawa mwalimu kasema popo wa makaburini ndio mababu zetu. Ikawa kasema wale wanaoning'inia juu ya wafu wetu ndio wafu wenyewe. Dukani kijana aliyenipimia sukari aliniuliza kama nimepita kuwasalimia jamaa zangu mitini. Nilimjibu kwamba wamelala, nisingewaamsha. Nilidhani hayo ni mzaha, na mzaha hupita.

Wiki chache baadaye ukaja mhadhara wa dini. Mhadhiri alitoka upande wa pili wa kisiwa, akafungiwa spika juu ya pikapu kwenye uwanja wa mpira, baada ya sala ya alasiri. Watu walijaa. Wanaume mbele, wanawake nyuma kwenye kivuli cha ukuta wa skuli, na mama yangu miongoni mwao. Nataka nimtendee haki yule bwana: alijua kusema. Hakutukana mtu. Alisema tu kwamba amesikia hapa kuna msomi anayewafundisha watoto kuwa popo ni ndugu yao. "Wanasema popo zamani alikuwa mnyama asiye na mbawa, kama panya," alisema. "Haya. Kwangu panya wapo tele. Nawatazama kila siku waote mbawa, hata mmoja hajanifurahisha." Uwanja mzima ukacheka. Nusura na mimi nicheke, na hilo ndilo lililoniudhi.

Kisha akasema kama msomi mwenyewe yupo, aje ajibu, na akainyosha maikrofoni hewani. Mtu mwenye akili angebaki pale alipokaa. Mimi nina hasira za haraka, na nilikuwa na jibu limenikaa kwenye ncha ya ulimi, zuri, lenye mfano wa mbegu ya mpunga. Nikenda.

Niliwaambia kwamba hakuna panya atakayeota mbawa, wala hakuna mwanasayansi aliyesema hivyo. Niliwaambia watazame mpunga wao: kila mwaka mkulima anachagua mashuke mazuri ya mbegu, na baada ya miaka mingi mpunga si ule tena aliourithi kwa babu yake. Wazee wawili watatu walitikisa vichwa kukubali. Nikaona nimeshinda. Mhadhiri alinisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza kwa sauti ya upole, "Mwanangu, nijibu moja tu. Adamu kazaliwa na nani?"

"Adamu kaumbwa na Mwenyezi Mungu," nikasema. "Mimi naamini hivyo."

"Basi popo si ndugu yako."

"Kwa upande wa sayansi, shehe..."

Akaichukua maikrofoni mkononi mwangu taratibu, kama unavyomnyang'anya mtoto kisu, akawageukia watu. "Mmemsikia? Ana dini mbili. Moja ya darasani, moja ya nyumbani."

Kelele zilizopigwa pale sijazisahau. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Nilisimama katikati ya uwanja sijui mikono niipeleke wapi, nikatazama upande wa wanawake. Wengi walikuwa wamemgeukia mama. Yeye alikuwa ameinamisha kichwa, anaokota kitu chini ambacho hakikuwepo.

Jina likanishika. Dini Mbili. Waliniita hivyo mpaka watu wasiojua limetoka wapi. Hilo ningelivumilia. Lakini haikupita muda akafariki bibi mmoja wa nyumba za karibu, mtu aliyesoma chuo kimoja cha Kurani na mama. Tulisikia vilio. Mama alikiteremsha kikapu, akachuma majani ya mkunazi, akavaa buibui, akakaa barazani kungoja. Wanawake wawili walitokea. Walitupa salamu, wakaulizia hali, wakapita. Walikuwa wakenda kijiji cha pili kumchukua muosha wa huko.

Mama alikaa pale mpaka walipopotea kwenye migomba. Kisha akayamwaga majani yale kwenye jaa, akarudisha kikapu juu ya kabati, akaniuliza kama nitakula muhogo au wali. Sikuweza kumtazama. Usiulize nilijisikiaje. Nimefundisha miaka kadhaa namna moyo unavyosukuma damu, na siku ile nilisikia wangu unasukuma kitu chengine.

Nikenda kwa imamu wa msikiti wetu. Huyu si mtu mbaya. Nilimweleza habari ya mama, yeye akasikitika kweli kweli.

"Watu hawana kinyongo na mamako," alisema. "Wana wasiwasi tu. Wanasema maiti kakoshwa na mtu ambaye nyumbani mwake mna ntu haijulikani dini yake iko wapi. Weye ukisimama Ijumaa, ukasoma shahada mbele ya jamaa, maneno yatakwisha."

"Lakini mimi ni Muislamu, shehe."

"Najua. Ndo maana haitokugharimu kitu."

Niliona lina maana. Shahada naisoma kila siku, sijui mara ngapi, ndani ya sala zangu. Kuisoma mara moja zaidi kwa ajili ya mama kuna ubaya gani? Mama sikumwambia. Nilitaka limfikie kama zawadi.

Ijumaa, baada ya sala, imamu alinisimamisha karibu na mimbari. Nilisoma. Sauti ilinitetemeka, na watu wakafikiri ni imani. Mtu mmoja nyuma akapiga takbiri, msikiti ukaitikia, wakaanza kupanga mstari kunikumbatia. Hapo ndipo nilipofahamu kinachotendeka, lakini nilikuwa nimeshachelewa. Hivyo ndivyo tunavyowafanyia watu wanaosilimu. Mzee mmoja alinivua kofia yangu ya kila Ijumaa akanivisha mpya aliyoitoa mfukoni. Mwengine, machozi yakimtoka, alinitia mkononi kijitabu chenye picha kinachofundisha kutawadha: hapa mtu anaosha mikono, hapa anasukutua, hapa anapaka maji kichwani. Nilihitimu Kurani kabla sijabalehe. Nilikishukuru kijitabu kile. Nilikitia mfukoni mwa kanzu, nikarudi nyumbani kwa miguu nikiamkiwa kila nyumba.

Siku ya pili alikuja baba mkwe wangu. Alikunywa kahawa, akasifu mkunazi ulivyostawi, akazungumzia bei ya karafuu, halafu akakohoa. Alikuwa ameulizwa suali na hakuwa na jibu. Kama nimesilimu Ijumaa, basi kabla ya Ijumaa nilikuwa nimeritadi, na mtu akiritadi ndoa yake inaingia walakini. Sasa binti yake yuko humu ndani kwa ndoa ipi?

"Baba, mimi sikuritadi."

"Nami sisemi uliritadi, mwanangu. Lakini mbona ulisilimu?"

Basi nikafungishwa ndoa upya barazani kwangu, na mashahidi wawili, na mke wangu mjamzito amekaa nyuma ya pazia akisikiliza. Imamu alijitahidi kufanya haraka. Alipomaliza, mke wangu aliniletea maji ya kunawa, na mimi nilimshukuru kimoyomoyo.

Mama alikuwa amejua yote tangu Ijumaa ile ile. Hakunigombeza. Aliitikia salamu yangu asubuhi na kunitilia chai kama kawaida, na mimi mjinga nikaamini anangoja tu siku ya kuitwa ndipo afurahi.

Siku hiyo ilifika. Alifariki mke wa mvuvi mmoja upande wa pwani, na baada ya sala ya alfajiri wanawake wawili walipiga hodi mlangoni kwetu, wale wale waliopita mara ya kwanza. Niliwafungulia mwenyewe. Nilikuwa nachekelea kama siku ya sikukuu. Mmoja akasema, "Tumemjia Bi Mkubwa. Bi fulani katutangulia," na mwenzake akaniangalia kwa wema, akaongeza, "Alhamdulillahi, sasa hakuna neno."

Mama alitoka ndani na kikapu mkononi. Hakuwa amevaa buibui. Aliwapa rambirambi, akawauliza marehemu kaumwa siku ngapi na kaacha watoto wangapi, kisha akakitia kikapu mikononi mwa yule aliyekuwa karibu naye.

"Mpelekeeni yule wa kijiji cha pili," alisema. "Kafuri imo, na pamba imo. Majani ya mkunazi mwambieni awe anakuja kuchuma hapa, siku yoyote, asione haya."

"Ah, Bi Mkubwa. Sie tumekuja kukuchukua weye."

"Najua. Mmekuja kwa kuwa mwanangu kasilimu. Basi mamaangu nlomkosha, na mamaenu nlowakosha, niliwakosha nkitoka nyumba ya nani?"

Waliaga, wakaondoka na kikapu wamekishika pamoja, huyu mkono huu na yule mkono ule. Nilitaka kuwakimbilia. Nilitaka kumwambia mama kwamba yote nimefanya kwa ajili yake, na nadhani nilianza kusema, maana aliinua mkono kuninyamazisha. Hakuwa na hasira. Laiti angekuwa nayo.

"Babako alikuadhinia sikioni siku ulozaliwa," alisema. "Mie nilikuwepo, nilikuwa nimekupakata. Na weye umekwenda msikitini ukawambia watu kwamba haikuingia."