Vifaranga Hamsini na Daraja la Gari Moja

Mimi si mtu wa safari. Hadi mwaka ule, mbali kabisa nilikowahi kufika ni shule ya sekondari ya bweni, na huko nako baba alinisindikiza nikilia. Nilikuwa karani wa duka la kijiji chetu cha ujamaa, kati ya Dutwa na Bariadi, na niliamini kwamba dunia ikinihitaji itanikuta palepale kaunta. Kosa langu lilikuwa kusoma kijitabu cha ufugaji wa kuku kwa sauti kubwa mbele ya mkutano, kwa madaha ya mtu wa kidato cha nne. Nilipofunga ukurasa wa mwisho, mwenyekiti akasema, "Basi aliyesoma ndiye atakayewafuata vifaranga Mwanza."

Banda lilikuwa tayari. Kina mama walikuwa wamekanyaga udongo, wamekata nyasi na kuezeka wenyewe, jioni kwa jioni, baada ya kazi ya shamba la pamoja. Kiongozi wao alikuwa mke wangu, Minza. Asubuhi ya kuondoka alinifungia viazi kwenye kitambaa, akasema, "Vifaranga hamsini. Ukituletea mizoga, usije kulala kwangu. Kalale bandani, nafasi itakuwepo."

Saa mbili asubuhi nilipata lifti ya lori la marobota ya pamba lililotoka Bariadi. Dereva alikuwa Mzee Shabani, mtu wa mjini mwenye kofia ya vito na tumbo lililozoea usukani. Katikati ya viti vyetu ndipo injini ilipokaa, imefunikwa bati na blanketi kuukuu. Kufika Dutwa paja langu la kulia lilikuwa limeiva.

Sijaona dereva mpole kama yule. Akiona baiskeli mbele, alipunguza mwendo ili vumbi lisimfunike mwenye baiskeli. Akikuta ng'ombe barabarani, alizima injini kabisa, akasalimiana na mchungaji kwa Kisukuma, "Mwadila!", akajibiwa "Mhola!", akauliza hali ya malisho, na mimi nikihesabu mikia. Kila gari lililokuja mbele yetu aliliinulia mkono. Baiskeli moja tuliyoipisha Dutwa ilitupita, tukaipita, ikatupita tena, na mwenyewe akatupungia.

Baada ya Dutwa tulifika kwenye daraja la mbao la gari moja, lisilo na kingo. Mzee Shabani akasimama, akashuka, akatazama ng'ambo kwanza.

"Mbona hakuna mtu, baba?" nikamuuliza.

"Ndiyo nimetazama, nikaona hakuna," akajibu. "Mwenye mzigo hupita, gari tupu hurudi nyuma. Wote mkiwa na mzigo, hupita aliyetangulia kuingia. Hapa hapana askari, mwanangu. Askari ni haya ya mtu mwenyewe."

Nikasema moyoni, huyu mzee atanizeesha njiani. Nikaapa kurudi kwa basi.

Mwanza nilikaa kwa shangazi siku tatu, na karibu zote nilikuwa uani. "Hutaki hata kuliona ziwa?" akaniuliza. Nikamwambia nimeliona toka kwenye lori, lilikuwa upande wa kulia. Siku ya tatu nikakabidhiwa vifaranga wa siku moja kwenye sanduku la karatasi lenye matundu, manjano tupu, wanapiga kelele kama darasa lisilo na mwalimu.

Saa nne asubuhi nikapanda basi. Dereva wake aliitwa Radi. Jina la nyumbani sikulisikia, na nadhani hata yeye alishalisahau. Radi hakupiga breki, alipiga honi. Mwenye baiskeli alikimbilia porini, mbuzi walikimbilia porini, na tulipopita Kiloleli kuku wa watu walipaa kwenye paa. Nami, niliyekaa nyuma yake sanduku mapajani, niliona raha ya ajabu. Mtu mwoga akikaa nyuma ya dereva mkali, hujiona shujaa. "Kanyaga, dereva!" nikapaza sauti. Mimi huyu, ambaye nyumbani humpisha hata bata.

Baada ya kuacha barabara ya Musoma pale Lamadi mvua ikatushukia. Madirisha hayakuwa na vioo, upepo ukaingia na maji yake. Saa kumi jioni tulifika kwenye lile daraja. Radi hakusimama kutazama. Aliingia, na tayari katikati ya daraja kulikuwa na lori. Magari yakasimama pua kwa pua, maji yakitiririka kwenye vioo vya mbele hata sura za watu zisionekane.

"Rudi!" Radi akafoka. "Mimi nimebeba watu!"

"Watu wana miguu, wanaweza kushuka," sauti ikajibu toka kwenye lori. "Marobota yangu yatashuka na nini?"

"Mimi sirudi nyuma! Hata mama yangu alinizaa nimetanguliza kichwa!"

Abiria wakacheka. Nikaona na mimi nisibaki nyuma. Nikatoa kichwa dirishani, nikapiga kelele, "We mzee, toa mkokoteni wako huo!" Wakacheka zaidi. Mama mmoja akanigawia karanga.

Radi akazima injini kuonyesha kwamba ana muda wa kutosha. Tukakaa. Karanga zikaisha. Ndipo nikasikia jambo baya: sikusikia kitu. Sanduku lilikuwa kimya. Nikafungua. Vifaranga walikuwa wamerundikana kona moja, manyoya yameloa, macho yamefumba. Watatu walikuwa wamekufa. Kijitabu kilisema joto, joto, joto, na mimi ndiye niliyekisoma kwa madaha.

"Dereva, washa injini, vifaranga wanakufa!"

"Dizeli yangu si ya kupikia kuku," akasema Radi.

Nikatazama lile lori. Injini yake ilikuwa ikinguruma. Nikalikumbuka paja langu. Nikafunika sanduku kwa shati langu, nikashuka kifua wazi kwenye mvua, nikafungua mlango wa lori.

Kofia ya vito.

"Mwadila, baba," nikasema, na meno yakigongana.

"Mhola. Kumbe ni Karani! Ingia, mbona unalowa?" Akanitazama. "Mle ndani kuna mtu ananiita mkokoteni."

"Abiria mmoja hivi."

"Ana sauti kama yako."

Nikainama. "Ni mimi, baba."

Akafunua blanketi juu ya bati la injini. "Weka sanduku hapa. Mkokoteni una moto."

Tukawatazama. Baada ya muda mmoja akafumbua jicho. Kisha mwingine akalia, kidogo sana, nami nikageuza uso dirishani nikisingizia mvua. Mara mlango ukafunguliwa: Radi, maji yanamchuruzika puani.

"Wa nani hao?"

"Wa kina mama wa kijiji," nikamjibu. "Wamejenga banda kwa mikono yao."

Radi akakuna kichwa, akafunga mlango, akaondoka. Mzee Shabani akasema, "Hawa wanatakiwa nyumbani," akatia gia ya nyuma. Lori zima la marobota likarudi kinyumenyume hadi ng'ambo, upande wa Dutwa. Tulipotazama mbele, daraja lilikuwa tupu. Radi alikuwa ameshusha abiria, na yeye pia amerudi nyuma.

Wakaanza ugomvi wa pili.

"Pita, mzee!"

"Pita wewe, nimekupisha!"

"Na mimi nimekupisha! Mbona una kiburi?"

Abiria waliolowa walikuwa tayari kuwatupa wote wawili mtoni. Mwishowe Radi akapita, mkono ameuinua juu kama anaapa. Mzee Shabani akafungulia rejeta, akajaza chupa mbili maji ya moto, akazizungushia lile blanketi na kuziweka sandukuni. Radi akaona, nami nikarudi na sanduku ndani ya basi. Kutoka hapo hadi kwetu alisimama mara mbili, akajaza chupa kwa maji ya rejeta yake mwenyewe, akimfokea kila abiria aliyeguna.

Minza alinikuta nimeshuka kifua wazi, nimekumbatia sanduku. Akahesabu. Arobaini na saba. "Na Mwanza kukoje?" akauliza. Nikamwambia Mwanza sikuiona vizuri. Nilichokiona vizuri ni daraja, na sauti yangu mwenyewe.

Siku hizi kuna lami. Daraja ni la magari mawili, yanapishana yakilia shwaa, na sijui sura ya dereva hata mmoja. Kuku wangu nawafungia kutwa. Wale wa zamani hawakufungiwa. Walikuwa na ugonjwa mmoja, na atakayebisha amuulize Minza: wakisikia injini kubwa walikimbilia barabarani kama wamemsikia mama yao. Mzee Shabani alijua, akawa anasimama kila apitapo na kuwasalimia.

Lakini kuku hajui injini hii na ile. Siku moja lilitokea basi la Radi, limeinamia upande mmoja, honi mbele. Wakamiminika barabarani wote. Minza akafumba macho. Basi likaserereka, likasimama. Radi akatoa kichwa, akawatukana mmoja mmoja, akawauliza kama barabara hii ni ya baba yao. Kisha akazima injini, akangoja.